Kwa nini daktari hakunipa dawa ya tezi

Mwanangu mpenzi,

Kichomi kimeisha, kimebaki kikohozi kidogo cha alfajiri. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kwa nini nilipopimwa wodini homoni ya tezi ya shingo ilikuwa chini, halafu daktari akaniambia tu nirudi baada ya wiki sita, bila hata kidonge kimoja. Umekasirika kwa kunipenda, lakini daktari alifanya sawasawa.

Tezi haijiamulii kazi. Ubongo huiagiza kwa homoni iitwayo TSH, nayo tezi hutoa hasa homoni iitwayo T4. Hiyo T4 ichukulie kama unga. Ini, figo na viungo vingine ndivyo huupika ukawa T3, ugali wenyewe unaotia nguvu. Mwili ukielemewa na maradhi makali, upasuaji au njaa, hupunguza kupika ili usimalize akiba. T3 ndiyo hushuka kwanza. Kotisoli, homoni ya msongo, nayo huuzuia ubongo usiagize sana. Kisha mtu akianza kupona, TSH huweza kupanda kuliko kawaida kwa muda. Kwa hiyo damu niliyotolewa nikihema kwa shida ilieleza kichomi kuliko tezi.

Na mimi nina miaka 71. Kwa wengi wetu TSH hupanda kidogo kadiri umri unavyosogea, bila ugonjwa. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2017 uliwafuata watu wa miaka 65 na zaidi wenye TSH iliyopanda kidogo: baada ya mwaka mzima wa levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, uchovu wao haukupungua kuliko wa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Na dawa hiyo ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika na mifupa hupungua, na mifupa ya mwanamke aliyekoma hedhi tayari ni dhaifu. Katika uuguzi wangu nimewahudumia kina mama wa namna hiyo, wamevunjika nyonga. Sitaki dawa nisiyoihitaji.

Anayenitia wasiwasi ni wewe. Wanawake huugua tezi mara kadhaa zaidi ya wanaume, hasa pale kinga ya mwili inapoigeukia tezi yenyewe. Daktari Hashimoto wa Japani alipoandika habari za ugonjwa huo mwaka 1912, wagonjwa wake wote wanne walikuwa wanawake. Wakati wa mimba kinga hutulia; baada ya kujifungua huamka, na katika mwaka wa kwanza huweza kuichoma tezi. Kwanza moyo hudunda na usingizi hukimbia, miezi ikipita huja uchovu, baridi na huzuni, na watu husema ni kunyonyesha tu.

Mjukuu wangu ana miezi mitano, nawe umeniandikia kwamba usiku moyo unakwenda mbio. Nenda wiki hii wakupime TSH na T4, na uwaambie ulijifungua lini. Usisubiri majibu yangu. Nikishapimwa tena nitakupigia jioni hiyohiyo.

Mama yako