Jua jina la sindano hiyo kabla mama hajachomwa tena

Dada, umesema mama ana miaka 58, vidole vya mikono yote miwili vinamkaza kila asubuhi hadi kama saa nne, damu (hemoglobini) imesoma 8.9, na hapo Malindi kuna mtu wa duka la dawa anayemchoma sindano kila baada ya wiki chache, akishachomwa anaamka hana maumivu. Unauliza aendelee au aache, ale nini damu ipande, na kama maziwa ya ngamia yanafaa kwa mifupa. Nami nakuuliza: sindano hiyo inaitwaje?

Kama hujui, basi umesimama pale pale tuliposimama sisi huku Lamu, tukimwombea dua mtu aliyekuwa akimmaliza mama yetu mifupa.

Mama alikuwa anashona kofia. Vidole vilipoanza kuvimba hakuweza tena kushika sindano ya kushonea, na jirani akampeleka kwa bwana mmoja wa duka la dawa, nisiyemtaja. Akachomwa, akapewa na vidonge vidogo vyeupe ndani ya bahasha ya karatasi, juu yake imeandikwa "1x2" na basi. Siku ya pili alikunja ngumi. Sisi sote tulifurahi. Akaanza kunenepa uso, mashavu yakawa ya duara, na wanawake harusini wakimwambia amependeza, ndoa ya mwanawe imemkaa vizuri. Hakuna aliyejua kuwa uso ule ulikuwa ni dalili ya dawa.

Kisha asubuhi moja akainua ndoo ya maji, ndoo ya kawaida tu, akasikia mgongo umekatika. Picha ilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimejikunja. Tukamvusha kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, amelala chali kwenye ubao, kila wimbi likimtoa ukelele. Daktari wa mifupa alimtazama uso, akatazama ngozi ya mikono iliyokuwa nyembamba ina mabaka meusi, akauliza: ametumia steroidi muda gani? Steroidi ni dawa kali za kutuliza mwako wa ndani ya mwili. Tukajibu hajawahi. Tulikuwa hatujui kwamba alikuwa akizitumia kila siku.

Yule bwana wa duka alipobanwa alisema, "Si alipona?" Neno hilo linanichoma mpaka leo. Alikuwa anajua amempa nini. Kasha alikuwa nalo, karatasi ya maelezo alikuwa nayo, na alichagua kumtilia mtu mzima dawa katika bahasha isiyo na jina, kwa sababu ukijua jina utauliza. Ndani ya bahasha mlikuwa na deksamethasoni, na sindano ilikuwa ya triamsinoloni ile ya kukaa mwilini wiki kadhaa, zote mbili steroidi. Kwa nguvu, miligramu 4 za deksamethasoni ni sawa na karibu miligramu 27 za prednisoloni, steroidi nyingine. Madaktari huanza kuhofia mifupa ya mgonjwa anayekunywa prednisoloni miligramu 5 tu kila siku kwa miezi 3, na mfupa hupotea kwa kasi zaidi katika miezi ile ya mwanzo, wakati wewe bado unashangilia nafuu.

Sikiliza sasa kinachoendelea ndani, maana hapa ndipo maswali yako ya damu na mifupa yanapokutana. Mfupa uko hai. Ni kama ukuta wa nyumba ya mawe ya mji wa kale: upande huu fundi anabomoa palipooza, upande ule mwingine anajenga. Wabomoaji wanaitwa osteoklasti, na wanatoka kwenye uboho, ukoo mmoja na baadhi ya chembe nyeupe za kinga. Katika baridi yabisi ile inayoshika vidole vya mikono yote miwili na kukaza asubuhi zaidi ya nusu saa, chembe za kinga hushambulia viungo vya mwenyewe. Hutoa kemikali, mojawapo inaitwa RANKL, ambayo ndiyo amri ya kuzalisha wabomoaji zaidi. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kuwa chembe T za kinga zenyewe zinaweza kutoa amri hiyo. Kwa hiyo ugonjwa peke yake unakula mfupa. Steroidi inatuliza maumivu, lakini inawanyamazisha wajenzi. Mama yangu aliliwa pande zote mbili.

Na damu? Chembe hizo hizo za kinga hutoa kemikali nyingine, IL-6, inayolituma ini litengeneze hepsidini. Hepsidini hufunga mlango wa madini ya chuma: yamo mwilini, yamejaa ghalani, lakini uboho hauyapati ya kutengenezea damu. Mama alikunywa chupa kwa chupa za dawa ya kuongeza damu, ile ya rangi nyekundu, damu haikusogea. Kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, ndicho kilichotuambia ghala limejaa. Usinielewe vibaya: 8.9 inaweza pia kuwa damu inavuja tumboni kwa sababu ya diklofenaki, dawa ya maumivu, hasa ikichanganywa na steroidi, na huku pwani kuna malaria, minyoo, kichocho na selimundu. Mwambie daktari aangalie yote. Choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje kesho.

Jambo jingine lililotupotezea muda. Steroidi hupandisha hesabu ya chembe nyeupe kwenye damu, kwa kuwa zilizokuwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa hutoka zikaingia kwenye mzunguko, na uboho nao huachia nyingine. Maabara ikaona chembe nyeupe ziko juu, kliniki ikasema ni maambukizi, akapewa antibiotiki. Akamaliza dozi, akapewa tena. Hakuna aliyeuliza bahasha ina nini. Na ESR na CRP, vipimo vya kuonyesha mwako wa ndani, vilitoka karibu vizuri kwa sababu dawa ilikuwa imevifunika. Mtu asiyetaja steroidi anampa daktari majibu ya mtu mwingine.

Tafadhali, na hili ulisome mara mbili: usimkatishe ghafla. Akiwa ametumia muda mrefu, tezi zake za juu ya figo zimelala, na kukatishwa kunaweza kumwangusha presha na kumuua. Mama alipunguziwa kidogo kidogo na daktari. Akianza kutapika, kulegea, kuzimia, ni hospitali mara moja, na useme wazi kuwa alikuwa kwenye steroidi.

Sasa yuko kwenye methotreksati, mara moja kwa WIKI, si kila siku, pamoja na asidi ya foliki, na anapimwa damu na ini. Hiyo ndiyo inawatuliza wale chembe wenyewe. Damu ilianza kupanda kiungo kilipotulia, bila chupa nyekundu. Mgongo haukunyooka tena. Kofia anashona, ila kwa kukaa muda mfupi mfupi.

Kwa hiyo leo, kabla ya magharibi, nenda dukani uombe kasha la sindano na kasha la vidonge. Wakikuambia limetupwa, omba kichupa. Wakikataa, mwambie mama siku ya sindano apige picha kichupa kabla hakijavunjwa, au wewe ukae naye ukipige. Andika jina, miligramu, na tarehe zote alizochomwa unazozikumbuka, kisha mpeleke hospitalini na karatasi hiyo mkononi, uombe feritini, CRP, ESR, kipimo cha baridi yabisi cha anti-CCP na picha ya mikono. Ukipata jina liandike hapa.