Kiswahili kimetoweka baada ya kusasisha Linux

Swali: Nimesasisha Debian hadi toleo jipya. Zamani menyu na tarehe zilikuwa kwa Kiswahili. Sasa kila kitu ni Kiingereza, na nikiandika amri ya locale napata "Cannot set LC_ALL to default locale: No such file or directory". Je, ni lazima nisakinishe mfumo upya?

Jibu: La, haifiki huko. Onyo hilo linasema kwamba mfumo umeagizwa kutumia lokeli fulani (yaani mipangilio ya lugha na nchi), nayo haipo kwenye diski. Jina LC_ALL, ambalo ni kigezo cha kupanga lokeli, lisikutishe. Hutajwa hata kama hujaigusa.

Linganisha kwanza. Amri ya locale huonyesha kinachotakiwa, locale -a huonyesha kilichopo. Ukikuta LANG=sw_TZ kule (LANG ni kigezo cha lugha ya mfumo, sw_TZ ni Kiswahili cha Tanzania), na huku pana C, C.utf8 na POSIX tu, kosa umeshalipata: lokeli haijazalishwa. Glibc (maktaba ya msingi ya mfumo) ikisasishwa, lokeli huzalishwa upya kwa kufuata faili la /etc/locale.gen. Mstari wa lugha yako ukifutika humo, au ukiwa na alama ya # mbele yake, lugha nayo huondoka. Andika:

sudo dpkg-reconfigure locales

Tia alama kwenye sw_TZ UTF-8 au sw_KE UTF-8 kwa kubonyeza kitufe cha nafasi. Iache en_US.UTF-8 pia, maana baadhi ya programu huitegemea. Skrini inayofuata itakuuliza chaguo-msingi. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako uingie tena. Kufunga terminali peke yake hakusaidii, kwa kuwa LANG husomwa unapoingia.

Kwenye Fedora, sakinisha glibc-langpack-sw kisha upange kwa localectl set-locale. Kwenye Arch, ondoa # katika /etc/locale.gen, endesha locale-gen, halafu kagua /etc/locale.conf.

Utakutana na ushauri wa kuandika export LC_ALL ndani ya .bashrc, faili la mipangilio ya terminali. Mimi siupendi hata kidogo. LC_ALL hufunika LANG na vigezo vingine vyote vya LC_*, kwa hiyo siku ukitaka menyu za Kiingereza na tarehe za Kiswahili, utahangaika bila kujua kizuizi kiko wapi. Kama uliwahi kuiweka, itafute kwa grep LC_ALL ~/.bashrc ~/.profile uifute.

Tarehe zikirudi lakini menyu zikabaki Kiingereza, lokeli ni nzima. Kinachokosekana ni tafsiri za programu yenyewe. Katika Debian vifurushi vyake mara nyingi huwa na l10n (kifupi cha "localization") kwenye jina. Programu isiyo na tafsiri ya Kiswahili itabaki na Kiingereza, na hapo hakuna cha kutengeneza.

Na kama onyo linatokea tu ukiwa ndani ya seva kupitia SSH (njia ya kuingia kompyuta nyingine kwa mbali), usiilaumu seva. Debian hutuma LANG na LC_* zako kule kwa sababu ya mstari wa SendEnv katika /etc/ssh/ssh_config. Zalisha lokeli hiyo kwenye seva, au uweke # mbele ya mstari huo kwenye kompyuta yako.