"Atakuja" na "Atakuja Tu": Kwa Binti Anayeimba Jazi Hotelini

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja anayeimba hotelini Arusha. Ameandika: "Dada, nyimbo za zamani za jazi nimezikariri, sauti ninayo, lakini nikianza kuimba watu wanaendelea kula. Nakosea wapi?"

Nimeusoma mara tatu. Swali hilo nilitakiwa kuliuliza mwenyewe miaka 11 iliyopita. Sikuliuliza, na jibu likanijia kama kofi.

Nimezaliwa Morogoro, na kwetu ukitaja jazi mtu anafikiria Morogoro Jazz na gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Ule ni muziki wa dansi, nami naupenda. Hizi anazoimba binti ni nyingine: nyimbo za Wamarekani za kuanzia miaka ya 1920, nyingi zilitungwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza ya Broadway, kwenye majumba ya maonyesho ya New York, kisha waimbaji wa jazi wakazichukua zikawa zao.

Mmoja wa nyimbo hizo ni "The Man I Love" wa ndugu wawili, George na Ira Gershwin. Ulitungwa mwaka 1924 kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, ukaondolewa kabla mchezo haujafika Broadway. Mwanamke anamwimba mwanamume ambaye hajakutana naye bado. Atakuja, watajuana, watajenga nyumba yao. Basi, hadithi ndiyo hiyo.

Nami niliuimba hivyo hivyo, kama hadithi. Nikavuta kila neno, nikapanda juu mwishoni, nikasubiri makofi. Tuliposhuka jukwaani kiongozi wa bendi akaniambia mbele ya wenzangu wote: "Sauti nzuri, lakini unasoma taarifa ya habari." Nililia chooni usiku ule. Alisema kweli, lakini kule kuniambia mbele za watu bado kunaniuma mpaka leo.

Ndipo nikaanza kumsikiliza kwa dhati Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani. Aliurekodi wimbo huu Desemba 1939, akiwa na miaka 24, na Lester Young yupo kwenye saksafoni. Sauti yake haikuwa kubwa, wala hapandi juu. Anachelewa. Bendi inapiga pigo lake, neno linakuja nyuma kidogo, kama mtu anayefikiri kabla ya kulitamka. Nilijaribu kumwiga nikashindwa, maana nilikuwa nachelewa kwa kuhesabu, na mtu anayehesabu anajulikana tu.

Nyimbo hizi nyingi zina vipimo 32, yaani mafungu madogo ya mapigo, vinane vinane mara nne. Tuni inakuja, inarudiwa, katikati inageuka, kisha ile ya kwanza inarudi. Katika wimbo huu, pale katikati mwanamke anaanza kuhesabu siku za wiki. Kwa nini ahesabu, kama ana uhakika? Niliuimba zaidi ya mwaka mzima bila kujiuliza hivyo. Tuni inaporudi, mwimbaji hawezi kuwa yule yule aliyeanza nayo. Ameshatia shaka, sasa anajibembeleza.

Hapo nikamkumbuka mama. Baba alikuwa dereva wa malori ya Zambia. Mwanzoni alirudi kila baada ya wiki mbili, baadaye mwezi, baadaye hatukujua. Mama alipakua chakula chake kila jioni, akakifunika kwa kawa. Tukimuuliza zamani zile alisema, "Atakuja." Miaka ya baadaye akawa anasema, "Atakuja tu." Ile "tu" ndiyo Billie Holiday. Ndiyo kule kuchelewa kwake kote, na mimi nilikuwa nayo nyumbani tangu nina miaka saba.

Kwa hiyo binti, sikiliza maneno kwanza. Nasema tena, maneno kwanza, sauti baadaye. Yaseme bila tuni, kwa Kiswahili chako cha nyumbani, mpaka ujue ni nani aliwahi kukuambia neno hilo na jioni gani. Ella Fitzgerald, mwimbaji mwingine wa jazi wa Marekani, aliuimba wimbo huu huu mwaka 1959 na okestra ya Nelson Riddle, na kwangu mimi yeye anasema "atakuja" bila "tu": sauti safi, imani tupu. Naye yuko sahihi. Chagua lako, lakini uwe umelichagua.

Na tafadhali, msiige kidonda cha mtu. Nawasikia vijana wakikwaruza sauti makusudi kama ile ya Billie kwenye albamu ya "Lady in Satin" ya 1958. Sauti ile ilikuwa imechakaa kwa maisha aliyopitia, na Julai 1959 alifariki akiwa na miaka 44 tu. Yale siyo mapambo ya kuazima. Una mama, una bibi, una jirani aliyesubiri barua. Anzia hapo.

Januari mwaka huu mama alikuja Dar, akanisikia jukwaani kwa mara ya kwanza. Kiingereza hajui hata neno. Nilipomaliza nikaenda mezani kwake, akanishika mkono, akanivuta karibu na sikio lake.

"Huyo mtu," akaniuliza, "alikuja?"

Nikamwambia wimbo hausemi.