Datsun 1200 isiyo na nguvu mlimani: pima pengo la pointi kabla ya kuigusa distribyuta

Ndugu yangu, umeeleza kwamba pikapu yako ya Datsun 1200 iliwekewa pointi mpya (viunganishi vidogo vya umeme ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi; vikifunguka, cheche hutoka), ikaenda vizuri kwa majuma machache, na sasa imeishiwa nguvu mlimani na injini inachemka, ingawa fundi ameshaizungusha distribyuta mara tatu. Nilikuwa na pikapu ya aina hiyo, yenye injini ile ile ya A12 ya sentimita za ujazo 1,171, na ugonjwa huo ulinikuta nikiwa na magunia ya viazi kati ya Mai Mahiu na Limuru, nikapanda mlima wote kwa gia ya kwanza.

Kisa chake kilikuwa pointi zenyewe. Kisigino cha faiba kinachosuguana na nundu za shafti ya distribyuta hulika haraka kikiwa kipya, hasa fundi akisahau kukipaka grisi. Kinapolika, pengo kati ya pointi hupungua, pointi huchelewa kufunguka, na cheche huchelewa pia, kwa hiyo mafuta huendelea kuungua wakati vali ya ekzosti inafunguka, na joto ambalo lingeisukuma pistoni huishia kwenye ekzosti na rejeta. Nilipopima pengo langu nilikuta milimita 0.25, ilhali linatakiwa liwe kati ya 0.45 na 0.55. Kubadilisha pengo hubadilisha taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, lakini kubadilisha taimingi hakubadilishi pengo. Ndiyo sababu pengo hutangulia daima.

Zungusha injini kwa spana kwenye boliti ya puli mpaka kisigino kikae juu kabisa ya nundu. Pitisha bamba la kupimia la milimita 0.5, ulilofuta mafuta, kwa sababu mafuta yakibaki kwenye pointi huziunguza; lipite kwa kukwama kidogo, kama karatasi unayoivuta kutoka ndani ya kitabu kilichofungwa. Kaza skrubu kisha upime tena, maana kukaza kwenyewe husogeza pengo. Grisi kiasi cha punje ya mchele kwenye nundu inatosha.

Sasa toa plagi ya silinda ya kwanza, iliyo karibu na feni, uzibe tundu kwa kidole gumba huku mwenzako akizungusha injini. Upepo ukikisukuma kidole, pistoni inapanda kwa mkandamizo. Simamisha alama ya puli kwenye digrii 5 kabla ya kilele cha mwendo wa pistoni, kipimo ninachokitumia kwenye A12 yangu. Rota, kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta, lazima ielekee waya wa silinda ya kwanza, na nyaya nyingine zifuate mpangilio wa 1-3-4-2. Unganisha balbu ya volti 12 kati ya upande hasi wa koili (inayotengeneza umeme wa cheche) na bodi, washa swichi, legeza boliti ya distribyuta, uizungushe taratibu sana. Balbu huwaka pale pale pointi zinapofunguka, na hapo ndipo unapokaza. Kuizungusha kinyume na mwendo wa rota huwahisha cheche. Distribyuta huzunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, kwa hiyo kuisogeza digrii moja ni kubadilisha taimingi digrii mbili. Wengi huharibu kazi hapo kwa mkono mzito.

Ukipata taa ya taimingi, inayomulika alama ya puli kila cheche inapotoka, hakikisha kwa mizunguko 700 kwa dakika, mpira wa vakyumu wa distribyuta ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Alama ikichezacheza, shafti ya distribyuta imelegea kwenye bushi zake, na hakuna mpangilio utakaodumu mpaka itengenezwe.

Kwa heshima zote kwa fundi wako, kuseti kwa sikio hakufai hapa, kwa kuwa injini hunguruma vizuri gari likiwa limesimama hata cheche ikiwahi kupita kiasi, kisha ikagonga ikibeba mzigo. Ijaribu mlimani kwa gia ya tatu; ikigonga, irudishe distribyuta kidogo tu ili cheche ichelewe. Mimi nilipima pengo tena baada ya kilomita 500, nikalikuta limeshuka hadi 0.42, nikalirudisha na kuseti taimingi upya.