"Sawa bosi" ya mkutanoni, na daftari linalobaki chini ya meza

Meneja wa godauni la nafaka pale Busia, Uganda, anatangaza kwamba kuanzia Jumatatu magunia yataandikwa kwenye tableti, mahudhurio yatachukuliwa na mashine ya alama za vidole, na mishahara itapitia kwenye simu. Wote wanaitikia, "Sawa bosi." Wiki tatu baadaye karani bado ana daftari chini ya meza, mashine ya vidole imeshagoma mara nne, na makuli wanadai pesa zao mkononi.

Ile "sawa" haikuwa uongo. Ilikuwa heshima, kwa sababu kwetu mtu hampingi mkubwa wake mbele ya watu. Basi ukimya wa mkutanoni usiuhesabu kuwa kibali. Mfuate mtu anapofanyia kazi, peke yake, kwa dakika 15 hivi, na anayeuliza asiwe yule anayesaini mishahara. Maswali yanatosha mawili: mpango huu utakupunguzia nini, na wiki ya kwanza kitakwama nini? Ukiuliza "mnaonaje?" utajibiwa "ni vizuri". Kazi hii ifanywe wiki 3 au 4 kabla ya kununua chochote. Mtu aliyekwisha kulipia mashine hasikilizi tena, anatafuta wa kumuunga mkono.

Majibu utakayopata mara nyingi ni hesabu, wala si ukaidi. Chukua mshahara wa simu. Serikali inakata kodi ya asilimia 0.5 kila pesa inapotolewa, na kampuni ya simu inakata ada yake juu ya hiyo. Kuli anayepokea shilingi 400,000 na kuzitoa zote anapoteza 2,000 ya kodi peke yake, kabla ya ada. Kwa macho yake umempunguzia mshahara, na kusema kweli umempunguzia. Ongeza kodi na ada juu ya malipo, na uioneshe nyongeza hiyo katika mstari wake kwenye karatasi ya mshahara. Halafu kagua laini za simu mapema: wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu au la mke, na jina lisipolingana malipo yanakwama siku ileile mtu anayongojea. Tuma shilingi 1,000 ya majaribio kwa kila namba wiki moja kabla. Na usianze mwezi ambao shule zinafunguliwa, kwa kuwa hapo kila mzazi anahitaji advansi na karo haingoji marekebisho.

Mashine ya vidole nayo ina kasoro yake. Anayebeba magunia au saruji kila siku vidole vyake vimesuguka, na mashine haimtambui. Anaandikwa mtoro ilhali amefika saa moja asubuhi. Hapo hasira ni haki yake. Sajili vidole vinne, viwili kila mkono, weka kitambaa chenye unyevu pembeni, na mpe kila mtu namba ya siri ya akiba. Eleza kwa maandishi alama hizo zitatumika kwa nini na nani ataziona; ni taarifa binafsi chini ya sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa na faragha.

Anayehitaji uangalifu mkubwa kuliko wote ni karani wa zamani. Miaka 12 ameshika daftari. Anajua mteja gani analipa kwa kuchelewa, gunia lipi lilirudishwa, deni lipi lilisamehewa kwa mdomo. Ukileta tableti na kijana wa kuitumia, umemvua cheo bila kumwambia, naye atakaa pembeni akingoja mfumo ukosee. Na utakosea, kwa sababu salio la kuanzia limetoka kwenye daftari ambalo yeye tu ndiye anayelisoma vizuri. Mpe kazi ya kuhakiki salio hilo: ahesabu stoo pamoja na kijana, mstari kwa mstari, asaini kila ukurasa, na hesabu isiingizwe mpaka amekubali. Hapo mfumo unakuwa na mkono wake ndani. Mwaka 1948 watafiti waliandika juu ya kiwanda cha nguo za kulala huko Marion, Virginia, Marekani. Kundi lililotangaziwa tu mabadiliko lilipoteza asilimia 17 ya watu wake katika siku 40 za kwanza. Katika makundi yaliyoshirikishwa kuyapanga hakuacha kazi hata mmoja.

Daftari na tableti viende pamoja wiki 2, zisizidi 4. Hiyo ni kazi mara mbili, kwa hiyo lipia saa za ziada. Tangaza tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza, na siku hiyo daftari lifungiwe kabatini, maana likibaki mezani litaendelea kuandikwa. Epuka mwisho wa mwezi, na epuka Juni na Julai au Desemba na Januari, wakati mavuno yanaingia na malori yamepanga foleni. Kwa siku za umeme kukatika, chapisha fomu zenye namba za mfululizo, ziingizwe kwenye mfumo kabla ya saa nne kesho yake.

Kuna uvumi usioepukika: mashine imekuja kutufukuza. Kama hakuna atakayeondolewa, andika na usaini. Kama hujui, usiahidi. Sema utajua lini. Kama wapo, taja idadi. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri anayekusudia kuondoa watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3, kwa sababu za kiuchumi au za kiteknolojia, amjulishe Kamishna wa Kazi kwa maandishi, na chama cha wafanyakazi kama kipo.

Akibaki anayekataa, tenganisha asiyeweza na asiyetaka. Asiyeweza anauliza swali lilelile na makosa yake ni ya aina moja. Mkalishe na mwenzake, wala si na bosi, nusu saa kila asubuhi kwa siku 5. Asiyetaka anaweza vizuri ukisimama karibu, ukiondoka mtandao "unapotea". Huyo aitwe na aelezwe kosa kwa maandishi. Kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu, sheria inataka asikilizwe akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Katika kikao hicho rudia lile swali la kwanza, mpango huu unakupunguzia nini, na jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu kabla ya uamuzi.