Gitaa la Jeff Beck na rangi isiyo ya kiwandani

Gitaa la Jeff Beck, mpiga gitaa wa roki wa Uingereza, liliuzwa mnadani likavuka pauni milioni moja, ingawa rangi yake haikuwa ya kiwandani. Hilo ni Gibson Les Paul la 1954, lile aliloshika kwenye jalada la albamu yake Blow by Blow. Lilitoka kiwandani likiwa la rangi ya dhahabu, likapakwa hudhurungi iliyoiva hadi watu wakaliita Oxblood, yaani damu ya ng'ombe, na pikapu zake (vinasa sauti vya nyuzi) za aina ya P-90 zikang'olewa, zikawekwa za aina nyingine, hambaka. Beck alilipata Memphis likiwa tayari hivyo.

Nyumba ya mnada ya Christie's ililinadi London Januari 2025, miaka miwili baada ya kifo chake. Makadirio yalikuwa pauni 350,000 hadi 500,000. Likaondoka kwa 1,068,500. Ila angalieni hapo: nyundo ya dalali iligonga kwenye 850,000. Kilichobaki ni ada ya nyumba ya mnada anayobebeshwa mnunuzi, kwa hiyo anayetaja 850,000 na anayetaja milioni na ushee wote wako sawa.

Mnada wa namna hii hauuzi mbao na nyaya, unauza mkono uliopiga. Picha za jukwaani, namba ya utengenezaji na mikwaruzo inayolingana na ile ya kwenye picha ndivyo vinavyopandisha bei. Gitaa kama hilohilo la mtu asiyejulikana, likishapakwa rangi upya na kubadilishwa pikapu, hupoteza hata nusu ya thamani. Kwa hiyo wewe mwenye la zamani nyumbani, tafadhali weka brashi chini.