Mwendelezaji anasema atajaza kifusi bondeni, tumkubalie?

SWALI: Habari mtaalamu. Niko kwenye kamati ya mtaa wetu, tunatakiwa tupendekeze sehemu ya kujenga nyumba mpya 200. Kuna bonde tambarare karibu na katikati ya mji, na kuna shamba wazi kilomita 11 nje. Mwendelezaji anasema bondeni atajaza kifusi mita moja patakuwa salama, na kokote tutakapochagua ataweka sola na matanki ya mvua ili mradi uwe rafiki wa mazingira. Tuchague lipi?

JIBU: Afadhali mmeuliza kabla ya kusaini, maana wengi wananitafuta maji yakishaingia sebuleni.

Hicho kifusi ndo kinanichosha, kila siku naulizwa. Bonde ni mahali mto unapotanukia maji yakizidi. Ukijaza hekta moja kwa kimo cha mita moja umeziba nafasi ya mita za ujazo 10,000, na hayo maji hayapotei, yanaenda kwa jirani wa ng'ambo ambaye miaka yote alikuwa anakaa pakavu. Halafu kifusi kikimwagwa juu ya udongo laini bila kushindiliwa tabaka kwa tabaka kinatitia kwa miaka, tena hakititii sawasawa, kona hii inashuka ile inabaki, ndo unaona ufa unaanzia pembeni ya dirisha unapanda kingazi-ngazi kufuata matofali, fundi anaziba kwa plasta na mwaka unaofuata ufa uko palepale.

Akiwaambia eti hayo ni mafuriko ya miaka mia kwahiyo msiogope, mwambieni hajui hesabu. Hayaji mara moja kila miaka 100 halafu mkapumzika. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, hata kama mwaka jana yalikuja. Kwa mtu mwenye mkopo wa nyumba wa miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26, yaani zaidi ya moja kwa nne! Na huko juu ya mto watu wakizidi kujenga na kuweka lami, maji yanashuka mengi na kwa haraka kuliko yale yaliyopigiwa hesabu.

Shamba la nje sasa. Kaya 200, kila moja ikitoa gari moja tu kwenda mjini na kurudi, ni kilomita 4,400 kwa siku, sola ya kwenye bati haifuti hiyo. Bado hamjavuta bomba la maji, maji taka, barabara. Sisi wa mipango miji tunapenda kituo cha basi kiwe ndani ya mita 400, dakika tano hivi kwa miguu, huko nani atapeleka basi kwa nyumba 200? Sola na tanki unaweza kuongeza mwaka wowote lakini nyumba ikishasimama huihamishi.

Kwahiyo kwa sasa sichagui hata moja. Zungukeni kwanza mji wenyewe mhesabu viwanja vilivyolala, yadi za zamani, karakana zilizofungwa (hizi mpime udongo, mafuta na kemikali hukaa ardhini miaka mingi). Kwa nyumba 50 kwa hekta mnahitaji hekta 4, na si lazima ziwe sehemu moja.

Na kokote mtakakoenda, msikague kiangazi peke yake kama wanavyofanya hawa wanaojiita washauri, wanapiga picha mbili jua likiwaka wanaandika ripoti. Nendeni siku moja mbili baada ya mvua kubwa, muangalie matete yameota wapi, mstari wa matope kwenye magome ya miti umefika kimo gani, takataka zimenasa tawi lipi, na muwaulize wazee waliokulia pale. Mwaka juzi nililetewa ripoti ya mazingira imegongwa mihuri vizuri kabisa, ndani inataja mto ambao haupo hata karibu na eneo husika, walikopi ya mradi mwingine wakasahau kubadilisha jina. Familia zilikuwa zishalipa malipo ya awali kwa kuiamini ile karatasi, nilishindwa kulala.

Kikao kijacho mwombeni mwendelezaji vipimo vya udongo vya eneo hilohilo, vyenye kina cha mashimo yaliyochimbwa kupimia na saini ya mhandisi, pamoja na ramani ya mafuriko. Akija na michoro ya rangi tu, ahirisheni kikao.